Mgeni Rasmi Hajafika

Iko nchi moja ambayo jina lake nalihifadhi, kwa sababu wenyewe wakisoma watajijua, na wasio wenyewe hawana haja ya kujua. Nchi hiyo ilikuwa na mabasi. Yalikuwa mabovu, yamebandikwa mabati ubavuni, yanatoa moshi mweusi, lakini yalikuwa na tabia moja njema: ukipanda, yanaondoka.

Katika mabasi yote, Perusi alilipenda moja tu, lile la Hospitali Kuu. Mara mbili kwa wiki alimpandisha mumewe Elikana, fundi seremala wa majeneza, akampeleka kusafishwa damu, maana figo za Elikana zilikuwa zimegoma kazi. Bila ile mashine ya hospitali mwili unavimba, pumzi inakatika, na mtu anakwenda. Wote wawili walilijua hilo na hawakulizungumza sana. Walipanda basi, damu ikasafishwa, wakarudi nyumbani kula ugali.

Sasa ikatokea kwamba Waziri wa Usafiri na Ustaarabu, Mheshimiwa Profesa Sosipeta Lwengo, akaenda ziara ya mafunzo nchi za mbali, akarudi amebadilika. Huko alikuwa ameona magari yanayojiendesha. Watu sita wasiojuana wanaingia gari moja, hakuna dereva, hakuna utingo, gari linawauliza waendako na kuwafikisha. Waziri alisema alilia machozi alipoliona. Akatangaza kwamba mabasi ni aibu ya taifa, na kwamba yatapondwa hadharani katika Uwanja wa Taifa ili wananchi wote washuhudie mwanzo wa zama mpya.

Wananchi wakapelekwa uwanjani kwa mabasi. Perusi alikuwemo, kwa sababu balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango akisema asiyekwenda atakumbukwa. Mabasi yakawashusha, yakaingia uwanjani moja moja, yakapondwa na mtambo uliokodiwa kutoka kwa shemeji yake Waziri. Bendi ikapiga. Basi la Hospitali Kuu lilipondwa la mwisho, na watu walipiga makofi mpaka likawa bapa kabisa, ndipo mtu mmoja akauliza watarudije nyumbani.

"Kwa miguu," alijibu Waziri kwenye kipaza sauti. "Mzalendo huyafuata maendeleo kwa miguu yake mwenyewe."

Akapigiwa makofi kwa hilo pia. Perusi aliingia kwake giza likiwa limeshatanda, nyayo zimechubuka, akamkuta Elikana amekaa kitandani anamngoja.

*

Jina la serikali la gari jipya lilikuwa Chombo Shirikishi Kisichohitaji Dereva. Watu wakaliita Mwenyewe, yakaisha.

Tuseme haki: mwanzoni magari yale yalifanya kazi vizuri sana. Elikana alikaa dirishani, ameegemeza kichwa, akashushwa mlangoni kwa hospitali bila kusukumwa na mtu. Hata Perusi alianza kujilaumu kwa alivyolisikitikia basi.

Ndipo ikatokea kashfa. Mkuu wa wilaya moja alipanda Mwenyewe pamoja na mama muuza vitumbua, na gari likamshusha muuza vitumbua kwanza, kwa sababu kwake ndiko kulikokuwa karibu. Mkuu wa wilaya alibaki ndani akinusa mafuta ya vitumbua mpaka akafika kwake, akapandwa na presha, akalazwa. Bunge likaitwa kwa dharura.

"Mheshimiwa Spika, gari hili halina malezi," alisema mbunge mmoja kwa uchungu. "Limezaliwa ughaibuni, limekulia ughaibuni, halijui mkubwa wala mdogo. Mimi lilinipakia bila hata shikamoo."

Ikaundwa Kamati ya Kuyafunda Magari. Wajumbe wake walikuwa washereheshaji, wale watu wa kushika kipaza sauti kwenye sherehe, kwa kuwa hakuna anayeijua itifaki kuliko wao. Wakayasikilizisha magari kanda za sherehe zote za taifa: mawe ya msingi, mahafali, kukata utepe, mazishi ya wakubwa, hata uzinduzi wa choo cha shule uliohudhuriwa na mawaziri watatu. Mashine zile zilikuwa na akili kali. Zilisikiliza, zikapima, zikatoa kilichofanana katika sherehe zote. Shughuli haianzi mpaka mgeni rasmi afike. Na hakuna anayeondoka mpaka mgeni rasmi aondoke.

Kamati ikapiga picha ya pamoja na kwenda kula. Hakuna aliyejiuliza nani atakuwa mgeni rasmi wa safari ya kwenda Hospitali Kuu asubuhi ya siku ya kazi.

*

Siku magari yaliyofundwa yalipotoka barabarani, Perusi na Elikana walipanda pamoja na abiria wengine wanne. Milango ikajifunga. Sauti nzito ya mshereheshaji ikajaa ndani.

"Itifaki imezingatiwa. Karibuni sana katika hafla hii fupi ya safari. Mgeni rasmi hajafika. Wakati tunamsubiri, tupate burudani."

Ngoma ikalia. Abiria wakatazamana. Baada ya nyimbo kadhaa mwanamume mmoja mwenye tai akakohoa, akasema, "Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi."

"Tunautambua uwepo wako, Mwalimu. Tafadhali simama uwapungie watu mkono."

Mwalimu akasimama, ameinama chini ya paa, akawapungia abiria watano. Wakampigia makofi. Gari halikuondoka. Mama mmoja akajitaja kuwa katibu wa kwaya, naye akatambuliwa, akapunga, gari likabaki palepale.

"Mume wangu mgonjwa," Perusi alisema, akilisogelea lile tundu la sauti. "Anangojwa hospitali. Nakuomba utembee."

"Salamu zako zimepokelewa, mama. Zitasomwa mwishoni."

Walikaa humo mpaka betri ikaisha kwa kupiga ngoma. Gari likatangaza kwamba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa waandaaji, hafla imeahirishwa, milango ikafunguka. Miguu ya Elikana ilikuwa imejaa, viatu havimwingii tena. Perusi akaenda karakana ya mumewe, akachukua mkokoteni wa mbao, akamlaza mumewe juu yake, akausukuma kukatisha mji mzima. Njiani aliyapita mamia ya magari yamesimama, watu wamefungiwa ndani wanapungiana mikono. Alikasirika mpaka akawa haoni vizuri mbele.

Serikali ni sikivu. Iliposikia kilio cha wananchi, haikuiondoa itifaki; iliajiri wageni rasmi. Kila gari likapewa wake, na vijana wa wakubwa waliokuwa wamekaa bure wakapata kazi na suti. Lakini mgeni rasmi anayewahi hana hadhi, kwa hiyo walichelewa. Wakifika, walitoa hotuba. Wakimaliza hotuba, gari liliwapeleka wao kwanza waendako, na waendako kulikuwa mara nyingi ni chakula cha mchana. Elikana akawa anaifikia mashine yake mara moja kwa safari tatu. Alipungua mabega, akavimba miguu, na usiku Perusi alilala amemwekea kiganja kifuani ili asikie kama bado anapumua.

*

Perusi akaenda wizarani. Alipokelewa na Afisa Itifaki wa Magari, kijana aitwaye Heziron, mwenye kucha safi na adabu nyingi.

"Shikamoo mama. Pole na majukumu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka gari limpeleke mume wangu hospitali bila kungoja mtu. Ataniishia mikononi."

Heziron alitafuta katika kompyuta yake, akatikisa kichwa kwa huruma. "Itifaki haimtambui mgonjwa, mama. Mgonjwa hana nafasi meza kuu."

"Mjamzito je?"

"Hata mjamzito. Labda awe mke wa mheshimiwa."

"Basi hakuna mtu wa kawaida anayeondoka bila mgeni rasmi?"

Heziron akatafuta tena, akafurahi kwa kupata jibu. "Yupo. Marehemu. Kwenye msiba watu wote wamekuja kwa ajili yake, kwa hiyo gari linaondoka papo hapo, na barabara nzima inampisha. Hata msafara wa Waziri unampisha."

"Yaani mume wangu akifa, atafika hospitali."

"Mara moja, mama," alisema Heziron, na hakuwa na kejeli hata chembe. "Serikali inajali."

*

Perusi alimsimulia Elikana hayo yote. Elikana alisikiliza chali, macho darini, kisha akaanza kucheka kwa pumzi fupi fupi.

"Pale karakana kuna lile la mninga," akasema. "Mteja alighairi, mgonjwa wao alipona. Nimelipiga msasa mwenyewe, sioni haya kulilalia."

"Elikana, usinitanie."

"Sikutanii, mama. Vaa nyeusi."

Asubuhi majirani wakalibeba jeneza la mninga mpaka barabarani, kifuniko kimeachwa wazi kidogo upande wa kichwani. Perusi alikuwa amejiandaa kulia kwa kuigiza. Alipoliona jeneza begani mwa watu alilia kweli, ikawa hakuna haja ya kuigiza.

Gari likafungua milango yote. Ngoma haikulia. "Poleni sana wafiwa," ilisema ile sauti, sasa imeshuka chini. "Marehemu apelekwe wapi?"

"Chumba cha maiti, Hospitali Kuu," alijibu Perusi.

Likaondoka. Magari yakasogea pembeni, askari wa barabarani akavua kofia na kupiga saluti. Kwenye mzunguko mkubwa msafara wa Waziri wenyewe ulisimama kuwapisha. Waziri alikuwa ndani ya Mwenyewe la toleo la waheshimiwa, lenye viti vya ngozi na vioo visivyopenywa na risasi wala kushuka. Lake halikuwahi kukwama, kwa kuwa yeye alikuwa mgeni rasmi kila alipokaa.

"Tumefika wapi?" iliuliza sauti kutoka kwenye jeneza.

"Nyamaza. Umekufa."

Siku hiyo Elikana aliwahi kuliko alivyowahi kufika kwa basi. Alitoka kwenye jeneza mlangoni mwa mochwari, akajifuta vumbi la mbao, akavuka ua kwa miguu kwenda kwenye mashine yake. Baada ya safari chache miguu ilipungua, akaanza tena kuuliza kuna mboga gani.

Mambo mazuri hayafichiki. Haukupita muda mji mzima ukawa unakwenda kazini umekufa. Wauguzi walifika zamu wamefunikwa shuka. Wanafunzi walipelekwa shule wanne wanne, mikono kifuani, na yule mwalimu mkuu msaidizi aliwasimamia akiwa na pamba puani. Elikana alipata wateja wa majeneza mepesi ya kwenda na kurudi, yenye mpini na mfuko wa kuwekea chakula.

Waziri akaitisha waandishi wa habari. "Magari yetu sasa yanafika kwa wakati," alisema. "Na tangu mwezi uliopita hatujapokea lalamiko hata moja kutoka kwa abiria."

*

Lakini baadaye wakubwa wakaanza kuchoka kupisha misiba, na mmoja wao akauliza mbona watu wanakufa sana. Ukweli ukajulikana. Nchi nyingine ingeona aibu, ikayaondolea magari ile itifaki. Nchi hii ilikasirika. Waziri alisema mashine haisemi uongo, waongo ni wananchi, na kama wananchi wamejitangaza wafu, serikali yao sikivu itawasadiki. Wote waliowahi kusafirishwa kama marehemu wakaandikwa marehemu kwenye kompyuta za nchi nzima. Na kukomesha udanganyifu, kuanzia siku hiyo msiba nao ukatakiwa kuwa na mgeni rasmi.

Perusi alimsukuma Elikana hospitali kwa mkokoteni. Muuguzi aliyewazoea aliandika jina, akaandika tena, akaweka mikono usoni.

"Mama, inasema amefariki. Mashine haikubali kuwaka."

"Dada, mimi huyu hapa," alisema Elikana.

"Nakuona, kaka yangu. Nakuona kabisa. Haikubali."

Perusi akaugeuza mkokoteni kwenda wizarani. Heziron aliwapokea kwa adabu ileile, akaeleza kwamba kosa hilo hurekebishwa upesi sana, mhusika akija mwenyewe kuomba arejeshewe uhai.

"Si huyu hapa," alisema Perusi.

"Tatizo ni kwamba huyu ni marehemu, mama. Marehemu hawezi kuomba kitu serikalini."

"Mguse. Mguse mkono uone kama ni wa maiti."

Heziron hakumgusa. Alisema atalipeleka suala hilo kwa wakubwa, nao wapumzike kwenye benchi la ukumbini. Walipumzika. Wakubwa walikuwa kwenye hafla, na hafla ilikuwa haijaanza. Elikana aliegemea bega la mkewe, akavuta pumzi, akatulia, akavuta nyingine. Akamuuliza kama lile jeneza la mninga bado lipo. Perusi akasema lipo. Baada ya hapo hakuuliza kitu tena, na bega la Perusi likawa zito.

Heziron aliporudi na jibu alisimama mbele yao, akainamisha kichwa.

"Pole sana, mama," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana mwema na alitaka kumfariji, akaongeza, "Angalau sasa kumbukumbu zinalingana."

Perusi alimpiga kofi ambalo lilisikika mpaka ghorofa ya juu.

*

Magazeti yakaandika, na Waziri akaona njia ya kujisafisha. Akatangaza kwamba yeye binafsi atakuwa mgeni rasmi wa mazishi ya fundi Elikana. Kwa hiyo siku ya mazishi jeneza la mninga likaingizwa kwenye Mwenyewe asubuhi, waombolezaji wakasimama barabarani, jua likapanda. Mchungaji alimaliza nyimbo zote alizozijua. Waziri alikuwa bado anavaa.

"Mgeni rasmi hajafika," lilisema gari. "Wakati tunamsubiri, tupate burudani."

Ngoma ikalia juu ya jeneza la Elikana. Perusi aliisikiliza kidogo, akafungua kilemba akakifunga upya, akakikaza.

"Mshusheni," alisema.

"Mama, na Waziri?" aliuliza mmoja wa majirani.

"Nimesema mshusheni mume wangu. Amengojeshwa akiwa hai. Akiwa maiti sitakubali."

Wakamshusha, wakambeba begani, wakaingia barabara kuu kwa miguu, Perusi mbele. Pande zote mbili magari yalikuwa yamesimama na watu ndani. Watu walipoliona jeneza linatembea na wao wamefungiwa, kitu fulani kilikatika. Mwalimu mkuu msaidizi alikuwa wa kwanza kuruka nje kupitia dirishani. Akafuata katibu wa kwaya, wakafuata wauguzi, mafundi, mama wa vitumbua, mpaka barabara ikajaa kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna aliyepunga mkono.

Magari yakatazama kwa kamera zake. Yalikuwa yamefundwa vizuri. Yalimwona mtu aliyechelewa sana kufika, anayebebwa mbele, ambaye watu wote wamesimama kwa ajili yake na wote wanamfuata, na kwa mujibu wa sherehe zote za taifa mtu wa namna hiyo ni mmoja tu. Ghafla sauti zikatoka kwa pamoja mji mzima.

"Mgeni rasmi amewasili. Tafadhali tusimame."

Na magari yote yakaondoka, matupu kwa yaliyojaa, polepole, nyuma ya Elikana.

Kwenye mzunguko mkubwa wakakutana na msafara wa Waziri. Gari lake likasimama, likageuka, likaingia kwenye foleni pamoja na mengine. Waziri akapiga kioo kwa ngumi.

"Mimi ndiye mgeni rasmi!"

"Tunautambua uwepo wako, Mheshimiwa. Tafadhali punga mkono."

Elikana alizikwa bila hotuba. Mchungaji aliomba kwa kifupi, udongo ukarudishwa, Perusi akaweka juu yake patasi moja ya mumewe. Magari yalikuwa yamelizunguka eneo la makaburi, kimya. Watu walipoanza kutawanyika, Waziri alimwita Perusi kwa ishara kutoka ndani ya kioo kisichoshuka. Kola yake ilikuwa imelowa.

"Mama, nakuomba, liambie lifungue. Lirudi mjini. Wewe ndiye mfiwa, litakusikia."

Kabla Perusi hajajibu, gari likajibu lenyewe kwa ile sauti nzito ya sherehe.

"Tunaomba tuendelee kuketi kwa utulivu. Hakuna atakayeondoka kabla ya mgeni rasmi kuondoka."

Waziri akalitazama kaburi. Alilitazama kwa muda mrefu, kama anayengoja lisogee. Perusi akasogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakifunika kwa ukungu.

"Mngoje, Mheshimiwa," alisema. "Hata sisi tulingoja."

Akajifunga khanga kiunoni, akashika njia ya mjini kwa miguu pamoja na wenzake. Walikuwa hawajafika mbali waliposikia, nyuma yao, ngoma zimeanza.